Phil Scott wa Vermont: mtu wa kampuni kwenye kiti cha seneta

Kati yetu tulio maliza masomo kuko swali lenye kurudia kila mara: mtu wa biashara akiingia siasa, anaenda kutumikia watu ao anaenda kutafuta soko? Mimi nilisoma agronomia, si sheria, lakini mfano mmoja wa Marekani umenifundisha.

Vermont ni jimbo dogo, watu wake hawafiki 700,000. Bunge lake liko na maseneta 30 na wawakilishi 150. Kikao kinaanza mwezi wa kwanza, na kwa kawaida kinaisha mbele ya katikati ya mwaka. Mshahara ni kidogo, kwa hiyo wabunge wengi wanabakia na kazi zao: mkulima anabaki mkulima, fundi anabaki fundi.

Phil Scott, mwenye kuzaliwa 1958 katika mji wa Barre, alikuwa mmoja wao. Alikuwa na sehemu katika DuBois Construction, kampuni ya ujenzi. Mwaka 2000 akachaguliwa seneta kwa chama cha Republican, akakaa manda tano za miaka miwili miwili. Alitumika sana katika kamati za usafiri na za majengo ya serikali, mambo yenye alijua kwa mikono yake. 2010 akachaguliwa naibu gavana, 2016 gavana.

Hapo njo shida ilionekana. Kampuni yake ilikuwa inapata kazi za serikali. Gavana atasimamia soko namna gani kama kampuni yake nayo inatafuta lile soko? Mwanzo wa 2017, mbele ya kuapa, akauzisha sehemu yake, nusu ya kampuni, kwa dola milioni 2.5. Lakini ni kampuni yenyewe njo ilinunua, na ilipashwa kumulipa pole pole. Wakosoaji wakasema bado hajaachana nayo. Mimi naona walikuwa na sababu: mwenye kudai anamuombea mdeni wake uzima.

Jambo la pili ni bunduki. Kwa miaka mingi hakutaka sheria mpya juu yazo. Mwezi wa pili 2018, polisi ikakamata kijana mmoja aliyeshukiwa kupanga shambulio kwenye shule ya Fair Haven. Scott akabadili mawazo. Tarehe 11 mwezi wa nne akatia saini sheria za kukaza mauzo ya bunduki, mbele ya watu, wengine wakimuzomea.  Hata hivyo akashinda tena mwaka ule, na tena 2020, 2022 na 2024.

Kwa hiyo kuwa mtu wa katikati si kukosa msimamo. Lakini tabia nzuri ya mtu mmoja haitoshi, inafaa sheria iseme wazi mwenye madaraka aachane na kampuni namna gani, na lini.

Sasa wewe ndugu msomaji: depite wa provensi yako, unajua kampuni yake inapata soko gani?