Ruzuku ya familia (Uganda)

Ruzuku ya familia ni fedha ambazo serikali huwapa wazazi wanaofanya kazi lakini ujira wao hautoshi kulea watoto. Uingereza iliianza mwaka 1971. Marekani ilifuata mwaka 1975 kwa njia ya kodi ya mapato. Uganda haina mpango wa aina hiyo. Huko Onduparaka, karibu na mji wa Arua, mpakia mizigo au mwendesha bodaboda mwenye watoto sita hutegemea jasho lake na ndugu zake.

Mpango uliokaribia huo ni SAGE, mpango wa serikali wa kugawa ruzuku, ulioanzishwa mwaka 2010 kwa msaada wa Uingereza na Ireland. Ulikuwa na matawi mawili: pesa za wazee na ruzuku ya familia dhaifu, kila moja takriban shilingi 25,000 kwa mwezi. Nebbi ilikuwa miongoni mwa wilaya za majaribio. Tawi la familia lilitafuta kaya zenye yatima, walemavu na wazee, yaani zilizopungukiwa na watu wa kufanya kazi. Mzazi mwenye afya na kibarua chake hakuhesabiwa. Vigezo hivyo vilizua manung'uniko vijijini, na tawi likafungwa. Pesa za wazee zilibaki, zikaenezwa nchi nzima mwaka 2020 kwa waliotimiza miaka 80.

Pesa hizo hulea watoto pia, kwa kuwa bibi hununua daftari, sabuni na unga wa wajukuu. Lakini nyumba isiyo na mzee anayezipokea haipati kitu, hata iwe na watoto wangapi.

Njia nyingine hazijaziba pengo. Kima cha chini cha mshahara, shilingi 6,000 kwa mwezi, ni cha mwaka 1984. Bunge lilipitisha muswada mpya mwaka 2019, rais akakataa kuutia saini. Mshahara usiozidi shilingi 235,000 kwa mwezi hautozwi kodi, ila mwenye watoto na asiye nao huhesabiwa sawa. Mpango wa Maendeleo ya Parokia, uliozinduliwa wilayani Kibuku mwaka 2022, huipa kaya hadi shilingi milioni moja, nao ni mkopo wa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, unaolenga hasa kilimo na ufugaji. Elimu ya msingi bila ada, iliyoanza mwaka 1997 kwa watoto wanne wa kila familia, ni hatua iliyowahesabu watoto wa mfanyakazi.