Kawawa, Rashidi Mfaume (mwigizaji)

Rashidi Mfaume Kawawa (aliyefariki 31 Desemba 2009), mwanasiasa wa Tanzania, alikuwa mwigizaji mkuu katika filamu za mwanzo za Kiswahili kabla ya kuingia katika siasa. Mapema miaka ya 1950, akiwa mtumishi wa idara ya maendeleo ya jamii, aliigiza katika filamu ambazo serikali ya Tanganyika ilizitengeneza kwa kushirikiana na kampuni ya African Film Productions ya Afrika Kusini. Inayokumbukwa zaidi ni Muhogo Mchungu, kisa cha mtu wa shamba anayekumbana na ujanja wa mjini. Nyingine ni Meli Inakwenda na Mgeni Mwema.

Zama hizo sinema iliwafuata watu vijijini. Gari la serikali lilifika na jenereta na projekta, shuka jeupe likatundikwa, na giza likiingia umati ukakaa chini kutazama. Lengo la serikali lilikuwa kufundisha, lakini kilichowavuta watu ni kumwona mwenzao akisema Kiswahili chao. Hapo ndipo ilipo thamani kubwa ya Kawawa katika historia ya sinema, nayo haijapewa uzito unaostahili.

Msomaji wa Kenya ana sababu nyingine ya kumjua: mwaka 1953 alipelekwa Urambo, Tabora, kufanya kazi miongoni mwa Wakikuyu waliozuiliwa wakati wa uasi wa Mau Mau nchini Kenya. Mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika.