Panki: Nyimbo Tatu Zisizoomba Ruhusa

Wengi wetu hapa Mwanza tulilijua neno panki kama jina la mtindo wa kunyoa nywele, mtindo uliowagombanisha vijana na wazazi na walimu wao. Wachache walijua kwamba nyuma ya nywele hizo palikuwa na muziki, uliozuka New York na London katikati ya miaka ya 1970. Mimi nikiulizwa muziki huo ni nini, sianzi na makelele ya gitaa wala kasi ya ngoma. Hutaja nyimbo tatu, na wa tatu si wa Ulaya.

Wa kwanza ni "God Save the Queen" wa kundi la Sex Pistols. Ulitoka mwaka 1977, Uingereza ilipokuwa ikisherehekea miaka 25 ya utawala wa Malkia Elizabeth wa Pili. Vijana wale walichukua jina la wimbo wa taifa wakalijaza kejeli. BBC ikakataa kuupiga. Hata hivyo ulipanda hadi nafasi ya pili katika orodha ya mauzo ya nchi hiyo. Kilichopigwa marufuku kikawa ndicho kinachotafutwa.

Wa pili ni "Oh Bondage Up Yours!" wa X-Ray Spex, wa mwaka huo huo. Mwimbaji wake, Poly Styrene, alikuwa na umri wa miaka 20. Baba yake Msomali, mama yake Mzungu wa Uingereza. Aliwaona Sex Pistols jukwaani, akatoa tangazo gazetini kutafuta vijana wa kupiga nao muziki. Hakungoja kufundwa na mtu. Wimbo wake unaanza kwa kuikataa ile kanuni ya kale kwamba mtoto wa kike ni wa kutazamwa tu, si wa kusikilizwa. Kanuni hiyo haikuwa ya Waingereza peke yao. Nimefundisha wasichana wengi waliolijua jibu wakanyamaza, kwa sababu nyumbani walifunzwa kwamba kunyamaza ndiyo adabu.

Wa tatu ni "Mambo kwa Soksi" wa Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyefika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, na baadaye akavuma na Super Matimila. Msomaji atasema: huo ni muziki wa dansi, magitaa yake ni laini, panki inaingiaje hapo? Naomba tuyaache magitaa, tuutazame wimbo ulifanya nini.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera, ng'ambo ya ziwa letu, mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata, sisi walimu wa kanda hii tulizika wanafunzi na walimu vijana, na makaburini tulisema tu kwamba marehemu "aliugua kwa muda mrefu". Katika ukimya huo Remmy aliwaambia wanaume waziwazi wavae soksi, yaani kondomu. Radio Tanzania, iliyokuwa wakati huo redio pekee ya Tanzania Bara, ikakataa kuupiga. Watu wakauimba hivyo hivyo.

Kwangu mimi panki ni hiyo: mtu wa chini kusema jambo la lazima kabla hajapewa ruhusa, kwa lugha anayoielewa kila mtu. Wala si ngeni kando ya ziwa hili. Katika mashindano ya ngoma ya Wasukuma, Bagika na Bagalu hucheza siku moja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule anayevuta umati mkubwa zaidi. Mtunzi hatakiwi cheti. Watu wakimhama, ameshindwa.

Remmy alifariki Desemba 2010, na Poly Styrene akamfuata Aprili 2011. Leo kondomu hutajwa redioni mchana kweupe, wala hakuna anayeshtuka. Ruhusa ilikuja. Lakini ilikuja baada ya wimbo, na wapo tuliowazika wakati ikingojewa.