Katundu ka lekteri: pale mkono unakamata nafasi ya kuran



Angalieni vizuri lekteri ya CD ya kompyuta ya zamani. Chini ya droo kuko katundu kadogo sana. Wengi wanafikiri ni ka kupitisha hewa. Hapana, ni mlango wa dharura, na uko na historia yake.

Mwaka 1981 IBM ilitoa PC yake ya kwanza. Disketi zake za inchi 5.25 zilifungwa na kishikio cha mbele: unakifungua na vidole, unavuta disketi. Kuran iwepo, isiwepo, ni sawa tu. Mwaka 1984 Apple ikaleta Macintosh. Pale hakuna kishikio wala kitufe: mota njo inatoa disketi, kompyuta ikipenda. Inapendeza, lakini mashini ikizimika, disketi inabaki mfungwa. Kwa hiyo waliacha tundu mbele, la kuingiza tromboni iliyonyooshwa, kile kichuma cha kubana karatasi.

CD ilianza kuuzwa Japani mwaka 1982, kwa ajili ya muziki. Ilipofika kwenye kompyuta, diski moja ilibeba MB 650 hivi, sawa na disketi zaidi ya 400 za MB 1.44. Droo yake nayo inaendeshwa na mota. Basi dawa ikawa ile ile: tundu na tromboni.

Ndani kunafanyika nini? Kwenye lekteri za kompyuta ya meza, kichuma kinasukuma kipande kinachofunga droo, inaachia na kutoka kidogo. Kwenye laptopu, kinaachisha kifungio, springi inasukuma droo.

Namna ya kufanya: zima mashini, toa kamba ya umeme, ngoja diski isimame, juu inazunguka kwa kasi kubwa. Nyoosha tromboni, ingiza moja kwa moja bila kuinamisha. Ukisikia kitu kinakataa, sukuma polepole mpaka droo iachie. Maliza kuvuta na mkono. Usitumie kijiti cha meno: kikivunjika ndani, tatizo ni mbili.

Kwa nini mtu wa kilimo anaandika haya? Juu kwa miaka mingi wanafunzi walichoma TFC zao kwenye CD, pamoja na data za majaribio ya shamba. Mashini inakufa, diski inabaki ndani, watu wanatupa vyote pamoja. Lakini mavuno ya msimu uliopita hayapimwi mara ya pili. Mbele ya kutupa kompyuta iliyokufa, fungua lekteri kwanza.

Leo laptopu mingi hazina lekteri tena. Lakini tundu halikufa: iPhone ya kwanza, mwaka 2007, ilikuwa nalo kwa ajili ya SIM, na simu zetu mingi zinalo mpaka leo.

Mimi naona wale waliotengeneza tundu lile walijiuliza swali moja ambalo sisi wa kwetu, penye kuran inakuja na kwenda, tunapaswa kuuliza kila tunaponunua mashini. Iwe pompu ya kumwagilia, iwe kuveze ya mayai: siku kuran itakosekana, mkono utaingilia wapi? Muuzaji akikosa jibu, tuchunge feza zetu.