Walalamikaji wa Same: Habari za Mbiru

Fungueni madaftari yenu. Somo letu la leo ni la historia, na ndani yake tutajifunza namna ya kumtendea mtu anayelalamika.

Katika kila kazi ya pamoja yumo mlalamikaji. Ninyi wa Ngujini mnamjua. Siku ya msaragambo wa kusafisha mfongo, wenzake wanachimba, naye amesimama ukingoni akisema zamu za maji zimepangwa kwa upendeleo. Watu wamechoka naye. Mmoja asema, "Mfukuzeni." Mwingine asema, "Msikilizeni." Je, yupi kati yao ana haki? Kabla ya kujibu, tutazame jambo lililotokea hapa hapa Upare.

Zamani hizo Same na Mwanga zilikuwa wilaya moja, Wilaya ya Pare, na makao yake makuu yalikuwa Same. Mtawala Mwingereza aliitwa Bwana Shauri. Chini yake walikuwapo machifu tisa, nao walikutana katika baraza lao. Kila mtu mzima mwanamume alilipa kodi ya kichwa, kiasi kile kile kwa wote.

Mnamo miaka ya 1943 na 1944 ikaletwa kodi nyingine juu ya ile ya kwanza. Hii haikuwa sawa kwa wote. Kila mtu alikadiriwa kwa kadiri ya mali yake, mwenye kingi atoe kingi, mwenye kidogo atoe kidogo. Ikaitwa mbiru. Jina hilo lilikuwa la zamani, nalo lilikuwa na maana ya ushuru uliotolewa kwa chifu.

Sasa fikirini vizuri. Je, shauri hilo lilikuwa baya? Kwa maneno matupu lilikuwa jema. Hata leo, nchi nyingi duniani humtoza tajiri kuliko maskini. Ndiyo sababu wakubwa waliona kwamba anayeipinga mbiru ni mkaidi tu, au amechochewa.

Lakini watu waliona mambo mengine. Waliona mali yao inakadiriwa, wala hawakuelewa hesabu inavyopatikana. Waliuliza: kwa nini jirani yangu aandikiwe kile, na mimi hiki? Tena waliuliza: ikiwa hii ni kodi ya maendeleo, mbona inaitwa kwa jina la ushuru wa chifu? Maswali hayo hayakupata majibu ya kuwaridhisha.

Basi, mwezi wa Januari 1945, maelfu ya watu waliteremka kutoka milimani wakaenda Same, makao makuu ya wilaya. Hawakwenda kupora wala kuchoma moto. Walikwenda kusema neno lao, wakakaa. Walipangana kwa zamu, wengine wakirudi nyumbani na wengine wakija. Angalieni pia neno walilosema. Hawakusema, "Hatutaki kulipa." Walisema kwamba kama serikali inahitaji fedha zaidi, iongeze kodi ya kichwa sawa kwa wote, nao watalipa.

Serikali ilifanya nini? Ilidhani wakiondolewa viongozi, watu watatawanyika. Viongozi wakakamatwa, wakapelekwa mbali na Upare. Je, lalamiko lilikoma? Halikukoma. Mwanzoni mwa mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao wakainuka. Waume zao walikuwa hawapo nyumbani kwa sababu ya shauri hili, na mashamba yalikuwa yakiwangoja. Wakamkabili Bwana Shauri, wakadai jambo limalizwe, na safari hii mawe yalirushwa.

Mwisho wake, mwaka 1947 haukuisha kabla mbiru haijaondolewa. Kodi ya sawa kwa wote ikapandishwa, watu wakalipa. Baadaye watu wa kawaida, wasio wa ukoo wa machifu, wakaanza kuingia katika mabaraza. Fedha ambazo serikali ilizitaka zingeweza kupatikana tangu mwanzo. Ilipoteza miaka kwa sababu ilitazama sana ni nani anayelalamika, ikatazama kidogo ni nini anacholalamikia.

Haya, tuchukue mafundisho. Yaandikeni.

La kwanza. Mambo yako yakiwa mema, usidhani kila mtu ameyaona hivyo. Eleza hesabu yako mbele ya watu. Zamu za mfongo zikisomwa hadharani, na kila mtu akajua kwa nini amepewa siku ile, nusu ya malalamiko huisha hapo hapo.

La pili. Mpe mlalamikaji mahali na wakati wa kusema. Mtu aliyefungiwa mlango wa baraza atapiga kelele nje.

La tatu. Muulize, "Wewe washauri tufanyeje?" Watu wa mwaka 1945 walikuwa na jibu, nalo lilikuwa jibu la kulipa. Mtu mwenye lalamiko la kweli mara nyingi anayo njia ya kuonyesha. Lakini msimhukumu upesi yule asiye nayo, maana mtu aweza kujua panapouma asijue dawa.

La nne. Yuko pia mkorofi wa kweli. Huyu amejibiwa, ameelezwa, amepewa nafasi, na bado anatukana viongozi na kuzuia kazi ya wenzake. Msimwogope. Mpeni jembe kama wengine, na akivunja kanuni atozwe faini ile ile wanayotozwa wote. Aadhibiwe kwa tendo lake, asiadhibiwe kwa swali lake.

La tano ni la walalamikaji wenyewe. Maelfu wale wa Same walipata nguvu kwa sababu walikuwa na neno moja, walikaa kwa utaratibu, na walikuwa tayari kubeba sehemu yao ya mzigo. Anayetaka kusikilizwa juu ya maji, na aonekane pia siku ya kuchimba.

Sasa zungumzeni darasani maswali haya:

1. Kwa nini watu waliikataa mbiru, hali walikuwa tayari kulipa kodi iliyoongezwa?

2. Viongozi walipopelekwa mbali lalamiko liliendelea. Jambo hilo lilionyesha nini?

3. Katika kazi zenu za pamoja, lalamiko hupelekwa wapi, na nani hulijibu?

Swali la tatu, kila mmoja aandike jibu lake kwa mkono wake mwenyewe, sentensi tatu. Kisha somaneni. Kwaherini mpaka somo lijalo.