Asali ya Keroka inahitaji jina

Wasee, kuna stori inaendelea mtaani kwamba asali ya asili na jemu ya kupikia nyumbani ni biashara ya watu wa Nairobi wenye pesa. Zii. Huku kwetu asali iliuzwa kabla hata barabara ya Kisii–Sotik haijachorwa.

Ukitoka Keroka ukapita Sotik na Bomet, unaelekea Msitu wa Mau, kwao Waogiek. Hao walijenga maisha yao juu ya nyuki. Mizinga ya magogo ilipandishwa mitini, asali ikaliwa, ikatolewa mahari, ikabadilishwa na majirani kama Wakipsigis na Wamasai. Hakukuwa na lebo. Mnunuzi alimjua aliyerina, na akiuziwa mbovu alijua pa kurudi.

Halafu serikali ya mkoloni ikaona hawa ni watu wa kuhamishwa. Tume ya Carter, iliyotoa ripoti yake 1934, ilipendekeza waondolewe msituni, wamezwe na makabila jirani. Uhuru ulikuja, na bado Oktoba 2009 wakapewa notisi ya siku 30 waondoke Mau. Kesi ikafika Mahakama ya Afrika kule Arusha, na tarehe 26 Mei 2017 wakashinda. Juni 2022 mahakama hiyo ikaamuru Kenya iwalipe zaidi ya shilingi milioni 157. Usiseme hiyo ni kesi ya ardhi tu. Ukimtoa mtu msituni, umemnyang'anya na mzinga.

Kwetu Gusii hakuna aliyefukuza nyuki kwa notisi. Tuliwabanisha polepole. KTDA ilianzishwa 1964, na chai ikapanda vilima vya Nyamira. Si vibaya, chai imelipa karo za wengi. Lakini majani ya chai huchumwa machanga na miti hupogolewa, kwa hivyo haipati nafasi ya kutoa maua. Wewe unaona kijani mpaka macho yaishe, nyuki anaona jangwa. Kinachomlisha ni kile kidogo kilichobaki: kahawa, migomba, miparachichi nyuma ya jikoni.

Hapa ndipo huwa nashangaa. Miaka ya 1970, Kenya kwa msaada wa Kanada ilitengeneza mzinga wa vijiti vya juu, ule unaouwekea chini kiasi kwamba hata nyanya anaukagua bila kupanda mti. Ulisambaa Afrika nzima, na mpaka leo dunia inauita mzinga wa Kenya. Yaani tuliupa mzinga jina, asali yenyewe tukaiacha bila.

Wafaransa hawachezi hivyo. Tangu 1925 sheria yao inalinda jibini la Roquefort: lisipoiva kwenye mapango ya kijiji hicho, huwezi kuliita Roquefort. Na usiniambie hayo ni mambo ya wazungu. Ukisema asali ya Baringo au ya Mwingi, Mkenya anaelewa. Ukisema ndizi za Kisii kule Marikiti, hivyo hivyo.

Sasa Keroka. Nyamira ilikatwa kutoka Kisii, na mji wetu ukabaki katikati. Tangu kaunti zianze 2013, serikali mbili zimekuwa zikivutana nani akusanye ushuru hapa. Mama mwenye chupa ishirini za asali isiyo na lebo anatafutwa kwa ajili ya risiti tu. Hakuna anayemuuliza anahitaji nini. Pembeni yake mapera na matunda damu yanaoza kwenye matope, na jemu ni matunda, sukari, ndimu na moto. Ikipikwa vizuri inakaa miezi. Shida ni kwamba bila alama ya KEBS supermaketi haikufungulii mlango, na mtu mmoja na sufuria yake hawezi kufika huko peke yake.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Kaunti hizo mbili zijenge jiko moja la pamoja, safi, lenye mashine ya kukamulia asali. Wauzaji wajiunge kikundi, kisha wasajili alama ya pamoja kule KIPI, sheria inaruhusu. Iandikwe Keroka, si Kisii wala Nyamira.

Nyuki anavuka huo mpaka kila asubuhi na hajawahi kuulizwa risiti. Wewe unaonaje?