Uongozi wa Coeliac UK

Coeliac UK ni shirika la hisani la Uingereza linalohudumia watu wenye ugonjwa wa siliaki, yaani maradhi ya utumbo yanayochochewa na gluteni. Lilianzishwa mwaka 1968 kwa jina la Coeliac Society na mwanasheria Peter Benenson pamoja na Elizabeth Segall. Makao yake makuu yako katika mji wa High Wycombe, Buckinghamshire, kaskazini-magharibi ya London.

Uongozi wa shirika hili una sehemu tatu: bodi ya wadhamini wanaojitolea, mtendaji mkuu anayelipwa mshahara, na wataalamu wa tiba na lishe wanaotoa ushauri. Makala hii inaeleza watu walioliongoza, kazi ya kila sehemu, na masuala makubwa ambayo viongozi hao wamelazimika kuyaamua.

Ugonjwa wenyewe

Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Kwa hiyo imo pia katika mkate, chapati, maandazi, tambi na biskuti za unga wa ngano. Mahindi, mchele, mtama, ulezi, muhogo, viazi na ndizi hazina gluteni.

Mtu mwenye siliaki akila gluteni, kinga ya mwili wake hushambulia ukuta wa utumbo mwembamba. Vijinyama vidogo vinavyofyonza virutubisho huharibika na kulala bapa. Matokeo yake yanaweza kuwa kuhara, tumbo kujaa gesi, kupungukiwa damu, uchovu, mifupa kuwa dhaifu, na watoto kudumaa. Nchini Uingereza inakadiriwa kwamba mtu 1 kati ya 100 ana ugonjwa huu.

Hakuna dawa ya kuuponya. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote. Jambo hili ndilo linaloeleza kazi ya viongozi wa Coeliac UK: kwa kuwa tiba yenyewe ni chakula, wao hushughulika na viwanda vya vyakula, mikahawa, maduka na serikali kama wanavyoshughulika na madaktari.

Historia kabla ya shirika

Mwaka 1888 daktari Mwingereza Samuel Gee alichapisha maelezo ya ugonjwa huu na kusema kwamba, ikiwa mgonjwa anaweza kupona, atapona kwa njia ya chakula. Hata hivyo hakujua ni chakula gani kilicholeta madhara.

Jibu lilitoka Uholanzi. Daktari wa watoto Willem Karel Dicke (1905–1962) alikuwa akishuku ngano tangu miaka ya 1930. Wakati wa njaa iliyoikumba nchi hiyo mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mkate uliadimika, na hali hiyo ilizidi kumthibitishia kwamba watoto wenye siliaki huwa na nafuu wasipokula ngano. Alieleza matokeo yake katika tasnifu yake ya mwaka 1950 huko Utrecht. Mwaka 1952 Charlotte Anderson na wenzake mjini Birmingham, Uingereza, walionyesha kwamba kinachodhuru ni gluteni.

Hivyo katika miaka ya 1950 madaktari walikuwa wamekwisha kujua nini kiachwe. Lililobaki gumu lilikuwa la nyumbani na dukani: mgonjwa angejuaje ni supu gani ya kopo, soseji gani au mchuzi gani wa pakiti uliotiwa unga wa ngano? Swali hilo halikuweza kujibiwa na daktari mmoja katika chumba chake. Lilihitaji chombo cha kuwauliza watengenezaji na kuwapasha wagonjwa habari.

Waanzilishi

Peter Benenson alizaliwa London tarehe 31 Julai 1921. Anajulikana zaidi duniani kama mwanzilishi wa Amnesty International. Mwaka 1957 alikuwa mmoja wa wanasheria walioanzisha jumuiya ya JUSTICE, na tarehe 28 Mei 1961 gazeti la The Observer lilichapisha makala yake juu ya wafungwa waliosahauliwa, makala ambayo ndiyo chanzo cha Amnesty. Baada ya mvutano wa ndani, kufikia mwaka 1967 alikuwa ameacha uongozi wa chombo hicho.

Benenson mwenyewe alikuwa na ugonjwa wa siliaki. Mwaka 1968, akishirikiana na Elizabeth Segall, alianzisha Coeliac Society. Kwa hiyo mtu aliyekwisha kuonyesha jinsi raia wa kawaida wanavyoweza kuungana na kuwaandikia wenye mamlaka ndiye aliyewaunganisha pia wagonjwa waliokuwa wametawanyika, kila mmoja na shida yake jikoni. Benenson alifariki mjini Oxford tarehe 25 Februari 2005, akiwa na umri wa miaka 83.

Kazi ya msingi ya chama kipya ilikuwa kuwapa wanachama orodha ya vyakula vya viwandani wanavyoweza kula bila hofu. Orodha hiyo imeendelea kutolewa na kusahihishwa, na siku hizi hupatikana pia kwa njia ya simu. Chama kilichukua jina la Coeliac UK baadaye.

Bodi ya wadhamini

Kama mashirika mengine ya hisani ya Uingereza na Welisi, Coeliac UK inaongozwa kisheria na wadhamini. Hao ndio wenye dhima ya mwisho juu ya fedha, mali na malengo ya shirika. Sheria ya mashirika ya hisani ya mwaka 2011 na tume ya serikali inayoyasimamia zinawataka wadhamini wafanye mambo yafuatayo:

* kuhakikisha kwamba fedha zinatumika kwa lengo la shirika tu;
* kutanguliza maslahi ya shirika na kuepuka mgongano na maslahi yao binafsi;
* kuwasilisha hesabu na taarifa kila mwaka, ambazo raia yeyote anaweza kuzisoma;
* kuamua kwa pamoja, bila mmoja wao kuwa juu ya wenzake.

Kwa kawaida wadhamini hawalipwi mshahara. Wanaweza kurudishiwa gharama kama nauli. Mtu aliyehukumiwa kwa kosa la udanganyifu, au aliyefilisika na hajaondolewa katika hali hiyo, haruhusiwi kuwa mdhamini. Mwenyekiti huongoza vikao vya bodi, na mweka hazina husimamia hesabu.

Uzoefu unaohitajika katika bodi ya namna hii ni wa aina mbili. Kwanza ni wa kazi: uhasibu, sheria, biashara ya vyakula, tiba. Pili ni wa maisha: kuwa na siliaki au kulea mtoto mwenye siliaki. Anayejua hesabu peke yake huenda asione kwa nini kipande kimoja cha mkate ni jambo zito. Anayejua ugonjwa peke yake huenda asione kwamba shirika linatumia zaidi ya linachopata.

Mtendaji mkuu

Mtendaji mkuu huajiriwa na bodi na kuwajibika kwake. Yeye husimamia wafanyakazi, hutekeleza mipango iliyopitishwa, na mara nyingi ndiye sauti ya shirika mbele ya waandishi wa habari na wabunge.

Sarah Sleet alishika cheo hicho kwa zaidi ya muongo mmoja, hadi mwaka 2019 alipohamia Crohn's & Colitis UK kuwa mtendaji mkuu wake. Katika kipindi chake shirika lilikuwa na wanachama zaidi ya 60,000. Baada yake cheo hicho kilishikwa na Hilary Croft, aliyeliongoza shirika katika miaka ya janga la UVIKO-19.

Washauri wa tiba na lishe

Madaktari bingwa wa mfumo wa mmeng'enyo wa chakula na wataalamu wa lishe hulishauri shirika ili habari linazotoa zilingane na sayansi. Mmoja wa waliowahi kuongoza baraza la ushauri wa afya ni Profesa David Sanders wa Sheffield. Mwaka 2001 yeye na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet utafiti ulioonyesha kwamba baadhi ya watu walioambiwa wana tumbo linalosumbua bila sababu walikuwa kwa kweli na siliaki.

Mchango wa washauri hawa ni mkubwa kwa sababu wengi wenye ugonjwa hawajitambui. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa miongoni mwa wanachama wa Coeliac UK: kwa wastani walikuwa wameishi na dalili kwa miaka 13 kabla ya kutambuliwa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham uliochapishwa mwaka 2014, ambao Coeliac UK ilichangia gharama zake, ulionyesha kwamba idadi ya waliotambuliwa iliongezeka mara nne kati ya mwaka 1990 na 2011. Hata hivyo hao walikuwa takriban robo tu ya wote wanaokadiriwa kuwa na ugonjwa.

Masuala makubwa ya uongozi

Kiwango cha gluteni. Mwaka 2008 Codex Alimentarius, chombo cha kimataifa cha viwango vya vyakula, kilikubali kwamba chakula kinachoitwa kisicho na gluteni kisiwe na zaidi ya miligramu 20 za gluteni kwa kilo moja. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009, iliyoanza kutumika Januari 2012, ilifuata kiwango hicho. Vyama vya wagonjwa hushiriki katika mijadala ya Codex kupitia shirikisho lao la Ulaya, AOECS, lililoundwa mwaka 1988.

Alama ya suke. Coeliac UK husimamia nchini Uingereza alama ya suke la ngano lililokatwa kwa mstari, ambayo huwekwa kwenye pakiti za vyakula vilivyokaguliwa. Watengenezaji hulipia leseni ya kuitumia. Mapato hayo husaidia kazi za shirika, lakini pia huwapa wadhamini jukumu nyeti: shirika linalopokea fedha kutoka kwa viwanda ndilo linalotakiwa kuvikosoa vinapokosea. Alama ikitolewa kwa ulegevu, anayeumia ni mgonjwa aliyeiamini.

Mkate kwa cheti cha daktari. Tangu miaka ya 1960 Huduma ya Taifa ya Afya, NHS, iliwapa wagonjwa wa siliaki baadhi ya vyakula visivyo na gluteni kwa cheti cha daktari. Mwaka 2017 serikali ilikusanya maoni kuhusu kupunguza au kufuta utaratibu huo katika Uingereza yenyewe, yaani England, kwa hoja kwamba vyakula hivyo vimekuwa vingi madukani. Coeliac UK ilipinga, ikisema kwamba bei yake bado ni ya juu kuliko ya vyakula vya kawaida, na kwamba wenye kipato kidogo na wanaoishi mbali na maduka makubwa ndio watakaoacha kufuata masharti ya tiba.

Uamuzi uliotolewa mwaka 2018 ulikuwa wa katikati. Mkate na michanganyiko ya unga vilibaki, na vyakula vingine viliondolewa kuanzia Desemba mwaka huo. Aidha vyombo vya afya vya maeneo vinaweza kuweka masharti makali zaidi, na vingine vimesitisha huduma hiyo kabisa, hivi kwamba wagonjwa wawili wenye hali moja wanaweza kupata huduma tofauti kwa sababu ya anwani zao. Uskoti ilichagua njia nyingine: huko vyakula hivyo hutolewa kupitia kwa wafamasia.

Ulinganisho na mashirika mengine

Mashirika ya Uingereza ya afya ya tumbo na utumbo hayakuzaliwa kwa njia moja. Guts UK lilianzishwa mwaka 1971 na daktari mashuhuri Francis Avery Jones kwa jina la British Digestive Foundation, na tangu mwanzo mkazo wake ulikuwa kugharimia utafiti wa magonjwa yote ya mmeng'enyo. Crohn's & Colitis UK, la mwaka 1979, linahudumia wenye uvimbe wa kudumu wa utumbo.

Coeliac UK linatofautiana nayo kwa kuwa lilianza na swali la mgonjwa mwenyewe: nile nini? Viongozi wake wamebadilika kutoka watu wachache wa kujitolea hadi wataalamu wa kuajiriwa, lakini mafanikio yao yanaendelea kupimwa kwa mambo mawili: mgonjwa amechukua miaka mingapi kutambuliwa, na akishatambuliwa, anaweza kununua chakula salama kwa bei anayoimudu?

Tazama pia

* Ugonjwa wa siliaki
* Gluteni
* Peter Benenson
* Amnesty International
* Utumbo mwembamba